Gemu, muvi na tangazo: nani anamla mwenzake? Uzi wa wakongwe wa pedi za kuchezea gemu

#1 Mkongwe wa Pedi

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni mrefu, asiyependa kusoma apite kwa amani. Mimi ni mchezaji wa tangu enzi za mashine za kuiga zilizochomekwa kwenye TV ya chogo, kaseti imeandikwa kwa nje kwamba ina magemu mamia, ukiiwasha unakuta yaleyale machache yanajirudia kwa majina tofauti. Nikapita PlayStation ya kwanza (PS1), nikaishi kwenye PS2 iliyochipiwa ili isome diski za kunakili, leo nacheza kwenye kompyuta na simu. Na muvi vilevile, kuanzia vibanda umiza na tafsiri za Lufufu, yule msimuliaji wa muvi kwa Kiswahili, mpaka zama hizi ambapo kila mtu anatazama kivyake.

Huwa naona vijana wanabishana: mmoja anasema magemu ya zamani ndiyo yalikuwa magemu, mwingine anasema muvi zinazotokana na magemu zote ni takataka. Sikubaliani na yeyote kati yao. Magemu mazuri ya leo ni mazuri kuliko chochote tulichocheza sisi. Muvi za magemu nazo zimepona. Kilichooza ni tangazo, na si kila tangazo, ni lile lililohama kutoka ukutani likaingia ndani ya uchezaji wenyewe.

Kipimo changu ni kimoja. Angalia gemu linakufanyia nini pale unaposhindwa. Kuna gemu ukifa linakwambia rudia. Kuna gemu ukifa linakuonyesha tangazo, au linakuonyesha bei. Picha kali, muziki, mastaa wa Hollywood kwenye kava, vyote nitavizungumzia baada ya kujibiwa swali hilo.

Nianze na muvi, maana huko ndiko nilikoona ugonjwa huu kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1982 Atari, kampuni ya magemu ya Marekani, ilinunua haki ya kutengeneza gemu la E.T., muvi ya Steven Spielberg. Makubaliano yalichelewa, Krismasi ikawa inabisha hodi, na mtengenezaji wao Howard Scott Warshaw akapewa wiki kama tano kulitengeneza gemu zima. Ni jamaa yuleyule aliyekuwa ametengeneza Yars' Revenge, gemu zuri kabisa, ambalo lilimchukua miezi. Kwa wiki tano alifanya alichoweza. Unamwongoza E.T., anatumbukia shimoni, unamtoa, anatumbukia tena. Jina lilikuwa kubwa, kava zuri, matangazo ya kutosha. Watu walinunua, kisha wengi wakarudisha madukani. Mwaka 1983 Atari ikazika shehena ya kaseti kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, za E.T. zikiwemo, na Aprili 2014 zikafukuliwa mbele ya kamera.

Watu husema gemu hilo ndilo lililoua soko la magemu la Marekani mwaka 1983. Hapo wanamwonea Warshaw. Soko lilikuwa limeshajaa magemu mabovu ya kampuni nyingi zilizokimbilia hela. Ila mfano wake haupingiki: siku ya kuuza ilipangwa kabla gemu halijakuwepo.

Baadaye barabara ikageuka, magemu yakaanza kwenda Hollywood. Super Mario Bros. ya 1993, akina Bob Hoskins na Dennis Hopper, ilichukua ulimwengu wa rangi na uyoga ikaugeuza jiji la giza lenye mijusi. Street Fighter ya 1994 ina Van Damme, lakini kinachokumbukwa ni Raul Julia, alikuwa mgonjwa na akafariki kabla haijatoka, na bado alicheza kila tukio lake kama yuko jukwaani na Shakespeare. Halafu akaja mwongozaji Uwe Boll na House of the Dead, Alone in the Dark, BloodRayne, moja baada ya nyingine, na hapo ndipo watu walipokata tamaa.

Tatizo la muvi zile halikuwa kwamba gemu haliwezi kuwa muvi. Waliozitengeneza walinunua jina tu. Walijua watoto wanalijua jina Mario, wakaona inatosha. Yaani gemu zima lilifanywa bango la kuvutia watu mlangoni, na ndani hakukuwa na mtu aliyewahi kulicheza.

Tazama zilizofanikiwa. Arcane, tamthilia ya katuni ya 2021, ilisimamiwa na Riot wenyewe, wenye gemu la League of Legends, na studio ya Fortiche ya Ufaransa. The Last of Us, tamthilia ya HBO ya Januari 2023, ilimweka mezani Neil Druckmann, aliyeliandika gemu lenyewe mwaka 2013, pamoja na Craig Mazin, mwandishi wa tamthilia ya Chernobyl. Wale wawili walielewa jambo ambalo Boll hakulielewa kamwe: kwenye gemu wewe ndiye unayebonyeza. Ule mwisho wa hospitalini, kwenye gemu pedi iko mkononi mwako na huwezi kusonga mpaka ufanye lile jambo. Kwenye TV huna pedi. Kwa hiyo wakapunguza mapigano, ambayo ni kazi ya mikono, wakaongeza muda wa watu wawili kukaa na kuzungumza, ambayo ni kazi ya macho na masikio. Sehemu ya tatu karibu yote ni maisha ya wanaume wawili ambao kwenye gemu mmoja wao humkuti akiwa hai. Nilicheza gemu lile na bado nilikaa kimya baada ya sehemu ile kuisha.

Sasa trela. Hapa nina hasira kidogo.

Mwaka 2011 ilitoka trela ya gemu la Dead Island. Mtoto wa kike anaanguka kutoka dirisha la hoteli, picha zinarudi nyuma, piano inalia. Ni miongoni mwa video nzuri nilizowahi kuona. Gemu lilipotoka lilikuwa la kuzunguka kisiwani na rungu ukivunja mazombi vichwa. Si gemu baya, lakini ile familia ya kwenye trela haikuwa na uzito wowote mle ndani. Watch Dogs wakatuonyesha jiji kwenye maonyesho ya E3 ya 2012, lilipotoka 2014 watu wakaweka picha mbili sambamba na kuuliza mwanga umeenda wapi. Cyberpunk 2077 ndiyo kubwa kuliko zote: Keanu Reeves alipandishwa jukwaani 2019, gemu likatoka Desemba 2020, na kwenye PS4 lilikuwa bovu kiasi kwamba Sony ililiondoa dukani mwake wiki ya pili tu na kuanza kurudisha watu hela. Lilirudi Juni 2021. Baadaye walilirekebisha kwa kweli, leo ni gemu zuri sana. Lakini aliyelinunua siku ya kwanza kwa PS4 alinunua tangazo.

Na hayo ni ya wakubwa. Kwenye simu imekuwa mbaya zaidi. Nyote mmeona lile tangazo la mtu amekwama, kuna pini, vuta pini umwokoe, anayecheza anakosea makusudi mpaka unakereka. Ukipakua, unakuta ni gemu la kupanga matunda yanayofanana. Septemba 2020 mamlaka ya matangazo ya Uingereza, ASA, iliyapiga marufuku matangazo mawili ya namna hiyo, la Homescapes na la Gardenscapes, kwa sababu kilichoonyeshwa hakikuwa gemu ambalo mtu angelikuta.

Kuhusu tangazo la ndani ya gemu, nieleweke vizuri. Bango la jezi na viatu pembeni ya uwanja kwenye gemu la mpira halinisumbui hata kidogo. Uwanja wa kweli una mabango, bila hayo ungeonekana mtupu. Oktoba 2008 Barack Obama aliweka mabango ya kampeni ndani ya gemu la magari la Burnout Paradise, ukiwa kwenye mwendo wa kasi unaliona linapita. Safi tu, liko pale ambapo bango hukaa. Lakini mwaka 2020 kampuni ya EA waliweka tangazo la tamthilia ya The Boys katikati ya marudio ya mapigo kwenye gemu la ngumi la UFC 4, mwezi baada ya gemu kutoka, watu wakiwa wameshalinunua kwa bei kamili. Wakaliondoa baada ya kelele. Mwezi uliofuata gemu la kikapu la NBA 2K21 likaweka tangazo ambalo huwezi kuliruka wakati mechi inapakia. Hapo tangazo halipo tena uwanjani, limekaa kati yako na mchezo ulioulipia.

Karibuni tujadili. Mkitukana nitaendelea kujibu hoja tu.

#2 Msela wa Likoni

Ndugu yangu umeandika sawasawa, lakini hicho kipimo chako kina kasoro. Sisi Mombasa tulikua kwenye vibanda vya PS, na sheria ilikuwa moja: ukifungwa unatoka, ukitaka kurudi unalipa upya na unangoja foleni. Kwa hivyo ukishindwa ulikuwa unaonyeshwa bei pia. Tofauti yake na hizi za simu ni nini? Na hata zile mashine za sarafu za Marekani na Japani zilijengwa zikuue haraka ndio utie sarafu nyingine.

#3 Mkongwe wa Pedi

Hoja nzuri sana hii, na mashine za sarafu ni kweli tupu. Ugonjwa ni wa zamani. Nitakuongezea na mfano mwingine: gemu la The Lion King la 1994. Mnaikumbuka ngazi ya pili, ile ya nyani wanaomrusha Simba huku na kule? Vizazi vimeliachia pale. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood waliolitengeneza, ameeleza kwamba Disney walitaka liwe gumu mapema, kwa sababu Marekani watu walikuwa wanakodi magemu wikendi, na mtu akifika mbali ndani ya siku za kukodi haendi tena kununua. Yaani ugumu ule, uliotoa machozi ya watoto mpaka huku kwetu ambako hakuna aliyekodi kwa Disney, ulipangwa na watu wa mauzo.

Ila kibanda ni jambo lingine. Mwenye kibanda hakuwa na mkono ndani ya gemu. Alilipisha umeme, TV, na kiti. Aliyekufunga alikuwa jirani yako, unamwona, unamjua kwao, na kesho unamfunga wewe. Winning Eleven, gemu letu la mpira, ilikuwa ileile kwa wote. Mtoto wa tajiri akija na hela zake zote hakuweza kumnunua Adriano mwenye mguu mkali kuliko Adriano wa kwako. Alichoweza kununua ni muda wa kujifunza, na hata huo wengine tuliupata kwa kukaa nyuma na kutazama.

Tena ukumbuke Master League, sehemu ya Winning Eleven ya kuongoza timu yako msimu hadi msimu. Unaanza na akina Castolo, Minanda, Espimas, wachezaji ambao hawapo duniani, na wengi wao hovyo kabisa. Kampuni haikuwa na leseni, Chelsea ikaitwa London FC, Liverpool ikaitwa Merseyside Red, na hakuna aliyelalamika, sisi wenyewe tuliingia tukabadilisha majina moja moja. Unacheza misimu mitatu, minne, unauza, unanunua, Castolo anakufungia goli la ubingwa. Alikuwa wako kwa sababu ulimtesekea.

Linganisha na Ultimate Team, sehemu ya kujenga kikosi iliyoingia kwenye gemu la FIFA 09 la EA. Kikosi kinatoka kwenye pakiti. Pakiti inanunuliwa. Hujui ndani mna nani mpaka uifungue. Ukifungwa na mtu mwenye kikosi cha pakiti nyingi, gemu halikwambii kajifunze, linakupeleka dukani. Na mwaka ukiisha linatoka toleo jipya, kikosi chako hakikufuati.

#4 Binti Mwanakwerekwe

Mimi si mchezaji sana, ni mtu wa muvi, nimevutiwa na uzi. Lakini mbona The Super Mario Bros. Movie ya 2023 hujaitaja? Ile si tangazo la saa moja na nusu? Kila tukio ni kukumbusha watu wakanunue gemu.

#5 Mkongwe wa Pedi

Dada, umegusa penyewe. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na ndiyo, ni tangazo la Nintendo mwanzo hadi mwisho. Hadithi yake nyepesi, ukitoka ukumbini imeshayeyuka. Lakini nampa heshima Shigeru Miyamoto kwa jambo moja: alikaa mwenyewe kwenye uzalishaji pamoja na Chris Meledandri wa Illumination. Baada ya aibu ya 1993 Nintendo walikaa miaka mingi hawamkabidhi mtu Mario. Waliporudi, walirudi na mtu wao mezani. Ndiyo maana Mario anaruka kama Mario. Mtoto anayecheza anaona kila kuruka kumewekwa na mtu anayejua uzito wake.

Kwa hiyo kwangu ile ni tangazo la kweli. Inakuahidi rangi, vichekesho na kurukaruka, ukienda kwenye gemu unazikuta, tena zaidi. Dead Island ilikuahidi huzuni ukakuta rungu. Nikilazimishwa kuchagua kati ya muvi nyepesi isiyodanganya na trela ya kifundi inayodanganya, nachukua nyepesi.

Muvi za Resident Evil za Milla Jovovich, zilizotokana na gemu la mazombi, zipo katikati. Kuanzia 2002 zimetoka sita, mhusika mkuu Alice hayumo kwenye gemu lolote, mashabiki wakanung'unika mpaka mwisho, na bado hela iliingia. Sina la kuongeza.

#6 Mama Wawili

Wanangu nisaidieni. Mimi si mtu wa magemu, mwanangu wa kiume ana miaka tisa anatumia simu yangu. Anacheza gemu la gari, bure, lakini kila akigonga linakuja tangazo, na juzi likaja la kamari, ndege inapaa na hela zinaongezeka. Akaniuliza "mama hili nalo ni gemu?" Nilikosa la kumjibu.

#7 Mkongwe wa Pedi

Shikamoo mama. Mtoto wako ameuliza swali ambalo watu wazima wengi hawajiulizi.

Jibu ni kwamba si gemu. Kwenye gemu ukirudia unakuwa hodari zaidi. Kwenye kile cha ndege inayopaa hakuna uhodari, kuna bahati iliyopigiwa hesabu, na mwenye mashine ndiye aliyezipiga. Wamekivalisha rangi, sauti na pointi za gemu ili kifanane na kile mtoto anachokipenda. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote niliyoandika hapo juu, kwa sababu wamechukua lugha yetu sisi wachezaji, ile furaha ya kushinda ngazi, wakaifanya chambo. Aprili 2025 bodi ya kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mojawapo ya sababu ilikuwa watoto kufikiwa nayo. Siku 30 si kitu, lakini angalau serikali ilikiri kwamba tangazo lina nguvu.

Na mpaka kati ya gemu na kamari umebomolewa kutoka pande zote mbili. Novemba 2017 Star Wars Battlefront II ilikuja na masanduku ya bahati, mashujaa wakubwa kama Darth Vader wamefungiwa, watu wakapiga hesabu kwamba kumfungua kwa kucheza tu ni kazi ya saa kama 40. Kelele ikawa kubwa mpaka EA wakazima ununuzi wa ndani kabla tu ya siku ya kutoka. Ubelgiji ikatangaza Aprili 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Watoto wa Brussels wamelindwa, wa kwetu bado.

La kufanya leo hii mama: kwenye duka la Google, chini ya jina la gemu, pameandikwa kama lina matangazo na kama lina ununuzi wa ndani. Soma hapo kabla ya kupakua. Kwa lile la gari, zima data akiwa anacheza. Mengi ya namna hiyo yanafanya kazi bila intaneti, na bila intaneti tangazo haliji. Na kwenye mipangilio ya duka weka sharti la nywila kwa kila ununuzi, usiache wazi.

#8 Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Nimezima data, kweli halijaja tena. Mungu akubariki.

#9 Kijana wa Buza

Mkuu nakuheshimu lakini unaongea kama mtu mwenye kompyuta. Sisi tulioanza na simu ya mchina hatukuwa na hela ya PS. Free Fire, gemu la kupigana risasi kwenye simu, nimeipata bure, nimecheza na watu wa mikoa yote, nimepata marafiki. Matangazo na wanaonunua daimondi, hela ya mle ndani, ndio wanaonilipia mimi nicheze. Ukiondoa hayo yote sisi tunabaki na nini?

#10 Mkongwe wa Pedi

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, na sitaijibu kwa haraka.

Ni kweli, bure imefungua mlango. Kizazi chako kinacheza na dunia nzima kwa simu iliyopasuka kioo, sisi tulicheza na mtaa mmoja. Siwezi kusema lile jambo ni baya.

Lakini pima neno bure. Tangazo la video la nusu dakika linakuja kwa data. Mmarekani mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kipimo analipa kwa muda wake tu. Wewe unalipa kwa muda wako na kwa bando lako pia. Unamnunulia mwenye tangazo njia ya kukufikia. Ukihesabu bando ulilochoma kwa matangazo kwenye yale magemu ya kupakua usiku, pengine ungekuwa umeshanunua gemu moja la kudumu. Bei ya bure imefichwa mahali ambapo huwezi kuiona ikikatwa.

Kuhusu Free Fire yenyewe, tenganisha vitu viwili. Anayenunua nguo na dansi, anunue, anapendeza, hanizidi chochote, na kweli huyo anakulipia wewe. Lakini ngozi nyingi (mapambo) za bunduki mle zinaongeza nguvu ya risasi au kasi ya kupakia. Hapo aliyenunua hakukulipia wewe, amekununua wewe. Wewe ndiye unayepigwa ili yeye aone hela yake imefanya kazi. Fortnite wanauza nguo kwa mabilioni na bunduki ni sawa kwa wote, kwa hiyo usikubali mtu akuambie haiwezekani.

#11 Mzee wa Kibanda

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gemu likiwa zuri halihitaji tangazo. Tumemaliza.

#12 Mkongwe wa Pedi

Mzee, natamani ingekuwa hivyo. Kuna mahali methali inasimama. Eric Barone alilitengeneza gemu la shamba la Stardew Valley peke yake kwa miaka zaidi ya minne, likatoka Februari 2016, watu wakaambiana, na limeuza nakala zaidi ya milioni 40. Hana tangazo ndani, na nyongeza zote amezitoa bila kulipisha. Huyo alijiuza kwa wema wake.

Lakini chukua gemu la Tales of Kenzera: Zau. Lilitoka Aprili 2024. Aliyeliongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alimpoteza baba yake, gemu zima ni kijana mganga anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba. Unaweza kulicheza kwa sauti za Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Bei haikufika dola 20. Nimelicheza kwa Kiswahili, na lile pigano la mwisho nililicheza polepole makusudi kwa sababu sikutaka liishe. Sasa niambie, ni wangapi humu walilisikia? Miezi mitatu baadaye studio ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Chema kile hakikujiuza, kwa sababu aliyekuwa akikihitaji hakujua kipo.

Ndipo ninaposema sichukii tangazo. Nalitaka! Ningependa kuona bango la Zau pale Kariakoo. Ningependa redio za Mombasa zingelipigia kelele. Gemu la Kiswahili liliachwa lijitafutie njia, na wakati huohuo vuta-pini inatangazwa kwenye kila simu kutoka Tanga hadi Bukavu.

Kuna mara mbili nyingine Kiswahili kimeingia kwenye magemu makubwa. Mwaka 2005 Civilization IV ilifunguliwa na "Baba Yetu" ya Christopher Tin, Sala ya Bwana yenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 2011 wimbo huo ukawa wa kwanza wa gemu kupata Grammy. Kwaya za dunia nzima zinauimba. Mara nyingine ni Resident Evil 5 ya 2009, nchi ya kubuni Afrika iitwayo Kijuju, na wale wanaokukimbiza na mapanga wanapiga kelele kwa Kiswahili. Trela yake ya 2007 ilikuwa mzungu mmoja anapiga risasi kijiji cha Waafrika, watu wakalalamika, na walikuwa na haki. Nimelimaliza gemu lile, lina uchezaji mzuri, na kila nikisikia lugha ya mama yangu inatoka kwenye kinywa cha zombi nilikuwa naumia. Mauzo yake yalikuwa makubwa. Bajeti ya kutangaza ndiyo iliyoamua dunia isikie Kiswahili cha nani.

#13 Msela wa Likoni

Hii ya Zau sikuijua kabisa, na mimi ni mtu wa magemu. Hapo umenifunga. Naitafuta usiku huu.

#14 Binti Mwanakwerekwe

Mkuu nipe basi gemu moja la simu lisilo na tangazo, simu yangu ni ya bei ndogo. Nataka kujaribu hicho kipimo chako.

#15 Mkongwe wa Pedi

Shattered Pixel Dungeon. Kwenye Android ni bure, hakuna tangazo hata moja, halihitaji intaneti, na ni dogo sana kwa ukubwa. Unashuka mapangoni, ukifa unaanza upya na mapango yamebadilika, na utakufa sana siku za mwanzo, usikate tamaa. Chagua shujaa mwenye upanga kwanza. Ukipenda kujenga himaya kuna Unciv, nalo bure na wazi kabisa, limeigwa kutoka Civilization ya tano. Mindustry ni zuri zaidi ya yote mawili lakini linataka simu yenye nguvu kidogo, kwa hiyo liache mpaka ubadilishe simu. Kijana wa Buza, na wewe pakua hilo la kwanza, kisha rudi humu unipinge.